Mzima au Marehemu: Bi Faustina Kalinga Anavua Koti Jeupe

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa nasi hapa kituo cha utafiti cha Iyunga, Mbeya, Bi Faustina Kalinga, Mteknolojia Mkuu wa Maabara, anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2025. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa masharti mawili: usiwe mrefu, na usimuudhi. Sharti la kwanza nitajitahidi kulitimiza.

Kwa wageni wasiokifahamu kituo chetu, hapa tunachunguza vijidudu vinavyoishi katika vyakula na vinywaji vya watu wa Nyanda za Juu Kusini: mtindi, togwa, ulanzi na jamaa zao wote. Wengine tuna majukumu mengi. Bi Faustina, kwa miaka yote hiyo, amekuwa na swali moja tu. Umpelekee chupa, kopo, kipande cha kioo au karatasi ya majibu iliyotoka kwenye mashine ya mamilioni, atashusha miwani hadi ncha ya pua, atakutazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha atauliza: "Mzima?" Hakuna mtafiti wa kituo hiki ambaye hajawahi kuulizwa hivyo akaanza kukuna kichwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuliota swali hilo.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha jirani na misheni ya Tosamaganga, Iringa, mtoto wa nne wa fundi uashi aliyejenga nusu ya kuta za eneo lile na kuzikosoa zile ambazo hakuzijenga yeye. Ukitaka kujua shingo ngumu ya binti imetoka wapi, usihangaike kutafuta mbali. Nayasema haya kumtania Mhehe, mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, na najua majibu yangu yanaandaliwa wakati mnasoma.

Alianza kazi mwaka 1991 katika maabara ya hospitali moja mkoani Iringa, akisoma makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwa darubini. Huko ndiko alikolipata lile swali. Kulikuwa na baba mmoja, mkulima wa upande wa Ifunda, aliyemeza dawa zake miezi yote bila kuruka hata siku moja. Alinenepa, akaacha kukohoa, akaanza kuulizia jembe lake. Lakini kila kioo chake kikiwekwa chini ya darubini, vimelea walikuwa bado wanaonekana, wekundu, wametulia. Basi akaendelea kulala chumba cha peke yake na kula kwa sahani yake ya pekee, watoto wakimsalimia kutoka dirishani. Sampuli yake ilipopelekwa kuoteshwa, wiki zikapita na hakikuota kitu. Vimelea wale walikuwa wamekwisha kufa zamani. Darubini ilikuwa inaonyesha maiti, na mtu mzima akatengwa na wanawe kwa ajili ya maiti. Bi Faustina husema kwamba yule baba hakulalamika hata kidogo, na kwamba kama angelalamika, yeye mwenyewe angelala usingizi vizuri zaidi. Tangu hapo hakuamini tena kitu kwa sababu tu kimeonekana.

Mwaka 2003 mumewe, Mwalimu Sosthenes, alihamishiwa Mbalizi kufundisha useremala, naye akaomba kuhamia huku. Alifika mwezi wa Julai. Mwezi huo Mbeya haimbembelezi mtu, na Bi Faustina alitangaza siku ya kwanza kwamba baridi ya Iringa ina adabu, ya huku haina. Miaka ishirini na miwili baadaye bado anasema hivyo, akiwa amevaa masweta mawili chini ya koti jeupe.

Lakini katika baridi hiyo ndipo tulipoujua ukarimu wake. Kwao, anasema, msimu wa baridi mgeni hakalishwi sebuleni. Anapelekwa jikoni moja kwa moja, anapewa kigoda karibu na moto, na habari za safari ataulizwa akishaanza kutoa jasho. Kila aliyewahi kufika nyumbani kwake mwezi wa Juni ametoka na uso mwekundu na suruali inayonuka moshi. Naomba mkikumbuke kigoda hicho, maana kitatuletea matatizo mbele ya safari.

Kazini hakuwa mtu wa jikoni. Alikuwa askari. Koti lisilofungwa vifungo hakuliruhusu kupita mlango. Pendo wa masjala, ambaye wote tunamjua kwa kupenda njia za mkato, aliwahi kuanika sweta bichi juu ya inkubeta, lile kabati la joto tunalooteshea bakteria. Alilikuta limekunjwa vizuri sana ndani ya mfuko wa taka hatarishi, limebandikwa karatasi yenye jina lake na tarehe ya kuteketezwa. Sweta lilirudi. Pendo hakulirudia kosa hilo, ingawa mpaka leo analipita lile kabati akiwa ameshika sweta lake kwa mikono miwili.

Watu wa zamani mtaukumbuka mradi wa ulanzi. Masika moja Bi Faustina na Aroni, dereva wetu, walitumwa Iringa kuchukua sampuli za ulanzi tangu ukiwa mtamu, unakingwa kwenye mianzi, hadi unapokuwa mkali wa kumfanya mtu asahau njia ya kwao. Maelekezo ya mtafiti mkuu wa wakati ule yalisema chupa zizibwe kabisa zisipitishe hewa. Bi Faustina alimwambia kwamba vilivyomo ndani vina pumzi. Akajibiwa kwamba maelekezo ni maelekezo. Akaziba.

Walipokaribia Makambako chupa ya kwanza ililipuka. Aroni, ambaye ni mzee wa kanisa na hajawahi kuonja hata ulanzi wa siku moja, alidhani ni tairi. Akasimama. Ya pili ikalipuka akiwa anakagua tairi, na ya tatu ikamkuta mgongoni. Askari wa barabarani alipofika alimkuta mzee wa kanisa amelowa ulanzi kuanzia kola hadi soksi, anaapa kwamba hanywi. Aroni anasimulia kwamba hapo alimgeukia Bi Faustina amtetee, na Bi Faustina akamwambia askari kwa furaha isiyofichika: "Afande, hawa wamo wazima. Umesikia mwenyewe." Aroni aliachiwa baada ya kupuliza kile kipimo cha pombe mara kadhaa. Ripoti ya safari, iliyoandikwa kwa mkono wa Bi Faustina, ilisema tu kuwa uhai wa sampuli ulithibitishwa mbele ya chombo cha dola.

Miaka mitatu iliyopita tukampata Dokta Anord Mgaya, kijana wa Njombe, pamoja na mashine ya kusoma vinasaba. Mashine hiyo ni ya ajabu, tusiseme uongo. Unaipa tone la mtindi, inakutolea majina ya bakteria wote waliomo, ukoo kwa ukoo. Dokta Anord alitoa orodha ya kwanza kwa fahari, akaipeleka kwa Bi Faustina kama mtu anayepeleka posa. Mnalijua alilouliza. Dokta akaeleza kwamba mashine inasoma vinasaba tu, na vinasaba hubaki hata mwenyewe akifa. Bi Faustina akamrudishia karatasi yake.

"Hayo ni majina, mwanangu. Hata makaburini kwetu misheni kuna majina. Ukiyasoma utapata kijiji kizima, lakini huwezi kuwaita waje kulima."

Mtu mwingine angenuna. Dokta Anord alirudi mezani kwake, na miezi kadhaa baadaye akaja na kichupa kidogo cha rangi nyekundu. Bakteria aliye hai, alituambia, ana ukuta usio na ufa. Rangi inabisha hodi, haifunguliwi. Aliyekufa ukuta wake umepasuka. Rangi inaingia, inavishika vinasaba vyake, na ikimulikwa taa kali inang'ang'ana navyo moja kwa moja. Mashine ikija kusoma, marehemu huyo inamruka. Kinachobaki kwenye orodha ni majina ya wenye uzima.

Bi Faustina alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasema neno ambalo hatujawahi kumsikia akimwambia mtafiti mwingine: "Haya." Tangu siku hiyo wakawa mtu na mwanawe. Kwa kuwa rangi ile haitaki mwanga kabla ya wakati wake, alizifunga tyubu zote kwa karatasi ya fedha kama viazi vya kuchoma, akashona pazia zito jeusi, akaigeuza stoo ya vioo kuwa chumba cha giza. Aroni alifungua mlango huo mara moja tu, akiulizia funguo za gari. Kilichomtoka Bi Faustina kilikuwa Kihehe, na Aroni, ambaye ni Msafwa, anasema alielewa kila neno.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mhusika ameomba lisiandikwe. Ameliomba kwa upole, na mimi nimemkatalia kwa upole.

Mwaka 2011 Bi Faustina na Aroni walizunguka bonde la Usangu kukusanya mtindi wa wafugaji. Nje kidogo ya Rujewa walifika kwenye mji wa Leokadia Sayi, Msukuma ambaye familia yake ilihamia kule na ng'ombe wao kutoka Shinyanga yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa. Mama yake, Bibi Veronika, alikuwa hai. Safari ile yote ya kuhama, Bibi Veronika alimbeba Leokadia mgongoni na kibuyu cha mtindi mkononi, na kila walipolala alikamua, akamimina juu ya masalia ya jana, ili kesho yake kuwe na cha kunywa. Mtindi ule haukukatika tangu Shinyanga. Bi Faustina alichota vijiko viwili, na yule bibi alipouliza wanapeleka wapi mtindi wake, akamjibu kwamba wanakwenda kuutunza, na siku ukihitajika utarudi. Ni maneno ambayo sisi watu wa maabara huyasema ili tuchote haraka tuondoke. Yeye aliyasema kwa dhati, ndiyo shida yake.

Bibi Veronika alifariki. Leokadia akaendelea na kibuyu, akiuza mtindi kwa wasafiri pale Igawa, barabara kuu. Kisha akaugua, akalazwa muda mrefu, na aliporudi nyumbani akakuta wanawe wameosha vibuyu vyote kwa sabuni ya unga na kuvianika juani, ili mama akute nyumba safi. Hakuwa na wa kumgombeza. Alijaribu mbegu ya mtindi ya jirani, akajaribu ya dukani. Wateja walikunywa, wakasema ni mzuri, ila siyo ule. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuambiwa. Mwezi wa Mei mwaka jana akapiga simu hapa kuulizia vile vijiko viwili.

Simu hiyo ilifika wiki chache baada ya Pasaka, na Pasaka hiyo umeme ulikatika, jenereta letu likagoma, na friza kubwa likayeyuka kabla mtu hajajua. Tyubu yenye mtindi wa Bibi Veronika ilikuwa humo. Dokta Anord aliipitisha haraka kwenye mashine, bila rangi, na majina yote yakatoka kama yalivyokuwa. Tukashangilia. Bi Faustina hakushangilia. Alisema asingempelekea yule mama msiba uliofungwa vizuri, na akaanza kazi yake.

Alichukua maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa hayana kijidudu hata kimoja, akayagawa kwenye chupa, akatia kila moja tone kutoka kwenye tyubu. Kukiwa na mzima humo, maziwa yatagandishwa. Kama hakuna, yatabaki maziwa. Ilikuwa mwezi wa Juni, asubuhi vidole vinauma. Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo kilipoingia kile kigoda. Bi Faustina aliwaonea huruma. Wametoka Usangu kwenye joto, alisema, wamekaa kwenye barafu miaka yote hiyo, halafu niwaache kwenye baridi hii ya Mbeya isiyo na adabu? Akawaweka kwenye inkubeta, nyuzi thelathini na saba, kisha kwa mapenzi akaongeza kidogo. Aliwakaribisha jikoni.

Hakuna chupa iliyoganda. Akarudia. Hakuna. Akarudia tena, akitembea polepole karibu na lile kabati kama kuna mtoto amelala. Kisha akachukua simu akampigia Leokadia mwenyewe, kwa sababu hakutaka mwingine aifanye kazi hiyo. Tulimsikia akisema: "Dada, pole sana. Tumempoteza." Leokadia akamshukuru kwa kutafuta. Siku ile Bi Faustina hakunywa chai. Kwa wasiomjua, ni kama kusema jua halikuchomoza.

Wakati huo Dokta Anord alikuwa nyuma ya pazia jeusi na rangi yake. Alitoka na majibu ambayo alisita kuyasema. Wengi walikuwa wamekufa, kweli. Lakini wachache walikuwa na ukuta usio na ufa. "Wamo wazima, mama," alimwambia. "Wachache, ila wamo."

Hapo tukashuhudia maajabu: Bi Faustina Kalinga, mwanamke aliyetusumbua miongo miwili kwa sababu tunawaita wafu wazima, alishika bango kwamba wazima ni wafu. Alisema rangi imekosea. Alisema mwanga ulipita. Alimtazama Aroni vibaya. Mwisho akatoa hoja ambayo kamati nzima ya sherehe imeniagiza nisiisahau: "Wazima wasiofanya kazi? Hao ni akina nani, wastaafu?"

Kwa wiki nzima walisalimiana kwa ustaarabu mwingi mno.

Ijumaa ya wiki hiyo aliingia kuosha vyombo vya lile jaribio, maana ameshafanya mazishi na matanga sharti yaanuliwe. Inkubeta lilikuwa dogo, na chupa moja ya mzunguko wa mwisho ilikosa nafasi. Ilibaki dirishani, kwenye baridi, pembeni ya chupa nyingine isiyotiwa kitu. Aliichukua hiyo isiyotiwa kitu, akaimwaga kwenye sinki. Maziwa yakatiririka. Akaichukua ile nyingine, akaiinamisha. Hayakumwagika. Akaiinamisha zaidi. Yalikuwa yamekaa kimya ndani ya chupa, meupe, yamekaza, na harufu yake ilipomfikia alijua kwamba si uozo.

Mimi nilikuwa meza ya pili na niliona mgongo wake tu. Kisha akaita, na sauti yake ilikuwa na machozi bila kuyaficha: "Anord! Njoo uone. Nimemzika mtu akiwa mzima."

Maelezo ni mafupi. Bakteria wale wachache waliobaki walikuwa dhaifu, na hawakuwa watu wa joto kali hata kidogo. Maisha yao yote wameishi kwenye kibuyu kinachoning'inia kivulini, ukutani, mahali pa kupoa. Joto lile la ukarimu lilikuwa linawamaliza. Walichohitaji ni kuachwa dirishani wajikusanye taratibu. Rangi ya Dokta Anord ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na Bi Faustina alilisema hilo kwenye kikao cha Jumatatu mbele ya wote, akiwa amesimama, bila kulizungusha. Dokta Anord alijaribu kumkatisha asiendelee kujilaumu. Akaambiwa akae.

Kupiga simu mara ya pili alikataa. Msiba unaweza kupelekwa kwa simu, alisema, lakini mtu aliyefufuka hupelekwa mkononi. Akapanda gari na Aroni, amepakata kijidumu cha mtindi kilichofungwa kwa kitenge, na safari hii akiwa hajakaza kifuniko. Aroni alikihakiki mwenyewe.

Leokadia walimkuta uani. Alikuwa amekwisha kukata kile kibuyu cha mama yake, kimekuwa cha kuchotea maji ya kuku, kwa vile aliambiwa hakuna tena cha kukiwekea. Bi Faustina alikiona, akashindwa kutoa ile hotuba aliyoiandaa tangu Chimala. Alimpa tu kikombe. Leokadia alionja, akafumba macho, akaonja tena. Aroni anasema alisema kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, kama anamwitikia mama yake aliye ndani ya nyumba: "Eeh, mayu." Halafu akamgeukia Bi Faustina: "Hii ndo yenyewe. Hii ndo ya mama kabisa. Si mlisema amekufa?" Na Bi Faustina akamjibu kwamba alikosea, alimkalisha karibu na moto mno. Wakashikana wakalia, wakacheka, na Aroni akaenda kukagua tairi.

Nimeieleza habari hiyo kwa urefu, na sharti la kwanza la kamati limekwenda na maji, kwa sababu ya jambo ambalo tumeliona miezi hii ya mwisho. Bi Faustina amekuwa akizunguka maabara anagusagusa vitu. Amebandika majina mapya kwenye rafu zote. Mwezi uliopita alimuuliza Pendo, kwa mzaha usiokuwa mzaha, kama jina lake litabaki kwenye orodha ya simu ya ofisi. Na juzi, tulipomwambia kuhusu sherehe hii, alisema tusijisumbue sana, mstaafu ni jina tu.

Mama, tumekusikia. Na tunakupinga, kwa ushahidi wako mwenyewe. Wale uliowaita wastaafu wapo. Wamo kwenye friza jipya, ambalo lina jenereta lake. Wamo kwenye kibuyu kipya cha Leokadia kule Rujewa, na wasafiri wa Igawa wanawanywa kila siku bila kujua waliwahi kufanyiwa matanga. Hawakuwa na kasoro yoyote isipokuwa mahali tulipowaweka. Wewe pia tumekuweka kwenye joto letu muda mrefu, simu, vikao, ripoti za robo mwaka, swali lako moja kila siku. Sasa unarudi nyumbani, Iringa, kwenye ile baridi yenye adabu, na Mwalimu Sosthenes amekwisha kukutengenezea benchi la dirishani. Tumeliona. Ni zuri, limenyooka kuliko meza zetu.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Tunakushukuru kwa makoti uliyotufungisha vifungo, kwa sweta la Pendo, kwa soksi za Aroni, na kwa yule baba wa Ifunda ambaye hukumsahau. Dokta Anord, ambaye ameshindwa kuandika sentensi yake mwenyewe na kuniachia mimi, anasema asante kwa lile neno moja, "Haya."

Zawadi yako ya leo ameileta Leokadia, ambaye amekaa meza ya mbele. Ni kibuyu, na humo ndani mna mtindi wa Bibi Veronika. Uuning'inize kivulini, na tafadhali usiukaribishe jikoni. Kila jana iachie kesho masalia yake, kama alivyofanya Bibi mwenyewe njia nzima kutoka Shinyanga.

Tunakuombea siku nyingi, afya, wajukuu wenye kelele na majirani wavumilivu. Lakini usidhani tutaridhika kuliona jina lako kwenye orodha ya wastaafu. Tumefundwa vibaya na mtu fulani. Kila masika Aroni atawasha gari, tutapanda wote, tutakuja mpaka Tosamaganga, na kabla ya kukaa tutakiomba kile kibuyu tukiinamishe. Mtindi usipomwagika, tutajua jibu.

Kamwene, mama, kama wanavyosalimia kwenu. Nenda ukapoe.

Andendekisye, meza ya pili, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Iyunga